Mfuko wa Saba

Mifuko kumi na miwili ilishuka Shimanzi
kwa lori la saruji, jua likiwa utosini,
kila mmoja na nambari ya rangi nyekundu
na vumbi la kilima walichokitoboa wazungu,
wakakinyonya fedha, wakaonja dhahabu,
kisha pampu zikafa, maji yakapanda,
wakafunga vitabu vyao wakaenda.

Sasa kampuni inauliza: turudi, tusirudi?
Swali limewekwa mezani kwangu,
kati ya kikombe cha kahawa na mizani
inayohisi hata pumzi.

Ripoti ya kale ipo, karatasi rangi ya chai,
pembe zimeliwa na mende.
Inataja upana wa mshipa,
inataja fedha kadha kwa kila tani.
Haitaji walikuwa wangapi chini maji yalipopanda.

Nimesaga. Nimechekecha. Nimechanganya unga wa jiwe
na risasi, na magadi, na boraksi kidogo,
nikautia tanurini hadi ukawa uji mwekundu.
Risasi huzama na ilichokiokota.
Kisha kikombe cha majivu ya mifupa huinywa,
kikabakisha tone moja,
dogo kuliko chembe ya mtama.

Mfuko wa kwanza: fedha, haba.
Wa pili, wa tatu: haba. Wa nne: jiwe tu.
Wa tano unanuka kiberiti. Wa sita nimeurudia
kwa kuwa umeme ulikatika.
Wa saba ukanicheka kwa meno ya dhahabu.

Injinia Mwakio amepiga simu mara tatu kabla ya adhuhuri.
"Usiniambie kitu kidogo," kasema.
"Nina watu wanasubiri Nairobi."

Lakini baba yangu alikuwa sonara.
Duka lake Mji wa Kale lilikuwa la upenuni,
upana wa mikono miwili iliyonyooshwa,
na kila Alhamisi tulifagia sakafu
tukalihifadhi vumbi kama unga wa Ramadhani,
maana vumbini mlikuwa na kodi ya nyumba.
Vumbi lile nililisoma kabla ya alifu na bee.
"Tezama kwa mato, si kwa tamaa," akinambia.
"Ya mwambani huja na jiwe lake.
Ya tupa huja peke yake, imejikunja."

Nikaziweka punje za mfuko wa saba chini ya lenzi.
Zimejikunja. Zina mikwaruzo ya meno.
Na kikombe kimeingia doa la kijani:
shaba, ile itiwayo dhahabu ya pete
isipinde mkononi mwa bibi harusi.
Jiwe halijui ndoa.

Nikamkumbuka aliyeileta mifuko,
Mwachofi, mlinzi wa lango la mgodi
miaka thelathini na mmoja, mingine bila mshahara.
Alisaini kwa herufi kubwa. Nilimpa maji.
Alishika gilasi kwa mkono wa kushoto,
na kwenye chanda palikuwa na mstari,
ngozi changa, isiyoonja jua.

Chanda chema huvikwa pete.
Kinachovuliwa, wahenga wamekinyamazia.

Huenda ilimbana. Huenda iliuzwa, karo ya mjukuu.
Sikumuuliza, na mizani yangu haiulizi.

Nimeandika: fedha ipo, nyembamba,
haifikii gharama ya pampu.
Upande wa kusini haujaguswa;
watoboe huko shimo moja jembamba,
kwa pesa wasiyoililia ikipotea.
Mfuko wa saba usihesabiwe. Umetiwa chumvi.
Sikuandika na nani.

Tone lile nimelikunja kwenye karatasi mara nne,
droo ya chini, pamoja na risiti za umeme.
Akija kuchukua mifuko mitupu nitamrudishia.
Halitoshi pete. Halitoshi hata kipini
cha pua ya mtoto.

Simu inalia tena.
Nimeiacha ilie, nafua kikombe cha kahawa.